Dashibodi yangu na Exceli ya dada wa uhasibu

Wiki nzima mimi na dada wa uhasibu tulikuwa tunasalimiana kwa shingo upande, sababu ni mauzo ya Ijumaa. Dashibodi yangu, yaani ukurasa wa michoro ya mauzo, inasema hivi, Exceli yake inasema vingine, bosi anataka namba moja tu. Sheli zetu zinauza masaa 24, data zinaingia BigQuery, ghala la data la Google, mi nachora kwenye Looker Studio, chombo cha Google cha kuchora michoro, yeye anachukua mafaili yanayotumwa na vituo anajumlisha mwenyewe maana michoro haiamini kabisa.

Kumbe mwenye kosa ni mimi. BigQuery inatunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo kila lita iliyouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku ilikuwa inahesabiwa jana yake, na Ijumaa kuamkia Jumamosi ndo watu wanatoka kula bata wanapitia kujaza mafuta, Ijumaa yangu ikanenepa. Nilichukua risiti moja ya Jumamosi, saa nane kasoro kumi usiku, nikaitafuta kwenye tebo nikaikuta imekaa zake Ijumaa, 22:50. Pale kwenye fomula ya kutoa tarehe, penye DATE(muda), nikaweka DATE(muda, 'Africa/Dar_es_Salaam'), basi. Kununiana kote kule kwa ajili ya hicho tu jamani.

Ila na yeye hakuwa msafi. Namba za simu za wateja wa mkopo Exceli ilishakula sifuri ya mbele, zinazoanza na 255 zimekuwa 2.56E+11, ule ufupisho wake wa namba ndefu, na faili la mwezi lilizidi mistari 1,048,576 likakatwa mkia, onyo lilitokea akabonyeza OK (nani anasomaga yale maonyo).

Sasa nimemuunganishia Google Sheets na BigQuery moja kwa moja, ile Connected Sheets, anaona shiti yake kama kawaida ila hesabu inapigwa kulekule. Simpi tebo ghafi tena, nimemwandalia moja yenye kituo, tarehe, aina ya mafuta, lita, shilingi, na nimeigawa kwa tarehe ili zisomwe siku zinazotakiwa tu, maana BigQuery inachaji kwa data inayosomwa, ile terabaiti (TB) 1 ya bure kwa mwezi ukizubaa inaisha.

Jana saa moja asubuhi meseji imeingia: "Mdogo wangu, mbona ya leo haijaingia?" Refreshi, ile ya kuvuta data mpya, nimeiweka saa mbili.