Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya kumwaga zege na wageni wa misheni, Newala

Kazi yangu ni kuratibu vikundi vya wageni wa misheni wanaotoka Ulaya na Marekani. Wengi huja Julai na Agosti kwa sababu ndiyo likizo yao, na huku Newala, mkoani Mtwara, Tanzania, juu ya uwanda wa Makonde, makanisa huwaomba kitu kimoja kuliko vyote: gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, na tangi la kuvuna maji ya mvua. Ardhi yetu ni ya kichanga. Mvua ikinyesha inazama mpaka chini, na chemchemi hutokea mabondeni, mbali chini ya vijiji. Maji ya bomba hupandishwa kwa mashine kutoka bonde la Mitema, na yakikatika watu hununua kwa ndoo. Katika siku zote za ziara, nimechagua kueleza ile ya kumwaga zege la kitako cha tangi. Ndiyo siku ambayo mgeni aliyekuja kutoa hujikuta akipewa tangu asubuhi mpaka usiku, na wengi hawajajiandaa kwa hilo.

Saa 11:00 alfajiri

Kwanza maji ya kunywa. Wageni 10 na mafundi huhitaji ndoo tatu za lita 20 kwa siku ya kazi nzito. Maji yanachujwa kwa kitambaa safi, kila ndoo inawekwa kidonge kimoja cha klorini cha lita 20, inafunikwa na kuachwa dakika 30. Wanaoharakisha wakanywa baada ya dakika 10 ndio wanaoshinda chooni Jumamosi.

Alfajiri hizi wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa kuwa upepo umetulia na majani yana umande. Vumbi lake la manjano linawasha macho na koo. Mgeni mwenye pumu hatoki nje kabla ya saa 2, na kila mmoja anakuwa na barakoa mfukoni. Awe na sweta pia. Newala ya Julai ina baridi na upepo, na kila mwaka wapo wanaokuja na fulana tupu kwa imani kwamba Afrika yote ni joto.

Saa 12:30

Sala ya asubuhi kanisani, pamoja na wenyeji. Siku ya zege tunasoma Mathayo 10:40 hadi 42, mahali Yesu anaposema kwamba anayempa mmoja wa wadogo hawa kikombe cha maji ya baridi hatakosa thawabu yake. Karibu kila kikundi huja na mstari huu umechapwa kwenye fulana zao, wakiamini wao ndio wabeba kikombe. Soma tangu mwanzo wa sura. Waliotumwa safarini ndio wanaopewa maji, na mwenye thawabu ni mwenyeji aliyewafungulia mlango. Hatulihubiri jambo hili kwa kirefu. Ndoo zitakazoletwa saa mbili zijazo zitalieleza vizuri zaidi.

Chai ni ya rangi, na mihogo ya kuchemsha. Dakika 20 zinatosha.

Saa 2:00 asubuhi

Ofisi ya kijiji. Newala iko mpakani, ng'ambo ya mto Ruvuma ni Msumbiji, kwa hiyo mgeni wa nje haonekani kijijini kabla mtendaji na mwenyekiti hawajapata taarifa. Tunabeba nakala za pasipoti na vibali, na kila mmoja anasaini kitabu cha wageni kwa mkono wake. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea, na suala hilo humalizwa na Uhamiaji miezi kabla ya safari. Vikundi vinavyotaka kuleta dawa kwenye mabegi tunawaambia mapema waache: dawa zina kibali chake cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na daktari mgeni hagusi mgonjwa bila usajili wa muda wa Baraza la Madaktari.

Tunasalimia kwa mpangilio. Mzee anapewa shikamoo, anaitikia marahaba, ndipo habari nyingine zinafuata. Mgeni anayeanza na ratiba ya kazi kabla ya salamu ameshaharibu nusu ya asubuhi.

Saa 2:45

Sasa kazi. Tangi ni la lita 5,000, yaani likijaa lina tani 5 za maji juu ya udongo wa kichanga. Kipenyo chake ni kama mita 1.8, kwa hiyo kitako kinajengwa cha mita 2.4 ili pabaki sentimeta 30 kila upande. Ukuta wa duara wa kimo cha sentimeta 60 umeshajengwa na fundi wiki iliyopita na kujazwa udongo kwa tabaka za sentimeta 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa. Tabaka hizo ndizo watu wanazoruka. Ukijaza udongo wote kwa mkupuo, juu utaonekana mgumu lakini chini umelegea. Tangi likijaa linaegemea upande mmoja na koki inapasuka shingoni. Kimo cha sentimeta 60 nacho kina sababu: ndoo ya lita 20 lazima isimame chini ya koki bila mtu kuchimba shimo.

Leo ni zege la juu, unene sentimeta 15, na nondo za milimita 8 zilizofungwa kwa mraba wa sentimeta 20. Zinahitajika mita za ujazo 0.7 hivi, sawa na mifuko mitano ya saruji ukiweka na ya kupotea. Kipimo ni moja kwa mbili kwa nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa kila mfuko tunapima mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba. Kwa ndoo, si kwa chepe: chepe la kijana wa miaka 19 aliyelala vizuri si sawa na chepe la mzee wa kanisa saa 5.

Mchanga umeshapimwa jana. Unajaza nusu chupa mchanga, unaongeza maji, unatikisa kwa nguvu, unaacha mpaka kesho yake. Tope linalotuama juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, mchanga huo hauingii kwenye zege.

Halafu maji. Kila mfuko unakunywa lita 25 hadi 30, yaani ndoo saba au nane kwa kazi nzima. Bado kuna ya kumwagilia zege siku saba mfululizo, ndoo mbili kwa siku. Jumla ni zaidi ya ndoo 20, msimu wa kiangazi, mahali maji yanaponunuliwa. Hakuna aliyeyaandika kwenye bajeti ya mradi kule ng'ambo, kwa sababu mradi wenyewe ni wa maji.

Yanakuja na kina mama. Kuanzia saa 3 wanaingia uani mmojammoja na ndoo kichwani, Wakristo na majirani zao Waislamu, ambao ndio wengi sehemu nyingi za huku. Bibi mmoja analeta dumu la lita tano lililozibwa kwa nailoni iliyosokotwa, maana ndilo analoweza kulibeba. Anayelipokea anashika kwa mikono miwili, anainama kidogo, anasema shikamoo bibi, asante, nimepokea. Maji yanamiminwa kwenye pipa, na mweka hazina anaandika daftarini: jina, dumu, lita 5. Mstari wake una urefu uleule wa mstari wa kikundi kilicholeta tangi.

Hapo ndipo mgeni mwenye huruma hutoa pochi. Anataka kununua boza zima la maji ili kina mama wapumzike. Tunamkatalia, na tunamkatalia mapema, jioni ya siku ya kwanza, ili asiaibike mbele ya watu. Ile ndoo ni sadaka. Kuilipa ni kumrudishia mtu sadaka yake mlangoni mwa kanisa. Vivyo hivyo, hatumruhusu mgeni aliyepewa mayai matatu asubuhi arudishe zawadi kubwa zaidi jioni. Akae na deni.

Fundi ndiye mkubwa wa siku. Wageni ni vibarua wake, hata kama mmoja wao ni mhandisi. Mwenye la kusema aliseme jana yake, pembeni. Kosa la wageni karibu wote ni moja: wakichoka kukoroga wanaongeza maji ili chepe lipite kwa urahisi. Zege linakuwa uji, likikauka linapasuka. Chukua konzi moja, finya: likishika umbo bila kuchuruzika, limefaa. Changanya saruji na mchanga vikavu mara tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo kokoto, ndipo maji kidogokidogo. Ukianza kumwaga usisimame mpaka kitako kizima kiishe, kwa sababu zege la saa 3 na la saa 8 hayashikani vizuri.

Saa 6:15 mchana

Tunamaliza hapa kwa makusudi. Leo ni Ijumaa, na fundi na baadhi ya majirani wanakwenda kuswali. Pima maji, kifaa cha kuangalia usawa, inapitishwa juu ya zege mara ya mwisho, magunia yanawekwa tayari kwa kulifunika likishashika, watu wananawa. Ratiba iliyopangwa bila kujua Ijumaa ni Ijumaa huachia fundi zege nusu na kumlazimisha achague. Hilo si la kumfanyia mtu.

Saa 7:00

Chakula. Kijana mdogo kuliko wote anapita na jagi na beseni, mnanawa, mnaombea. Kuna wali wa nazi, kisamvu, mbaazi, na kuku. Kuku huyo hakuwa wa kuliwa mwezi huu. Mwenye nyumba anajua na mgeni anapaswa kujua. Firigisi inawekwa kwenye sahani ya kiongozi wa kikundi. Aile. Kuigawa kwa mwingine kwa ukarimu wa kigeni ni kukataa heshima mbele ya aliyeipika. Pakua kidogo mara ya kwanza ili uweze kuongeza, kwa kuwa kuongeza ndiko kusema chakula ni kizuri. Asiyekula nyama tunamtaja kwa mpishi siku mbili kabla, si mezani. Luka 10:8 inawaagiza waliotumwa wale kinachowekwa mbele yao, na kwa maoni yangu ni agizo gumu kuliko kubeba mifuko ya saruji.

Saa 8:30

Gata. Paa la kanisa upande mmoja linafunika mita 15 kwa 4, yaani mita za mraba 60. Pima ardhi iliyofunikwa, si mteremko wa bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,200. Toa sehemu ya tano inayorukia nje na kupotea, zinabaki 960. Mvua tano au sita kama hizo zinajaza tangi.

Vishikio vinapigwa kila sentimeta 60, na gata inashuka sentimeta moja kwa kila mita kuelekea tangi. Kwa mita 15, mwisho uko chini ya mwanzo kwa sentimeta 15, na jicho la mgeni linakataa: kwake gata nzuri ni iliyonyooka sambamba na ubao wa paa. Gata ya namna hiyo inatuamisha maji, na maji yaliyotuama Mtwara ni mbu na malaria. Tunavuta uzi, tunaufuata uzi.

Salfa ya leo asubuhi imetua juu ya bati hili pamoja na vumbi la miezi. Kwa paa kama hili lita 60 za kwanza za kila mvua, angalau, zisiingie tangini. Bomba la inchi 4 la kukusanya uchafu hubeba lita 8 tu kwa mita, halitoshi, kwa hiyo kiwiko cha bomba juu ya tangi hakigundishwi: mtu anakigeuza nje mvua ikianza, anakirudisha maji yakitakata. Mvua mbili za kwanza za msimu humwagwa zote. Mtu huyo lazima awe na jina, na leo baraza la kanisa limemtaja.

Saa 11:00 jioni

Vifaa vinaoshwa kwa maji yaleyale yaliyobaki kwenye pipa, toroli kwanza, kisha machepe. Kuoga ni nusu ndoo kwa mtu. Wenye nguvu wanapelekwa Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, kutazama jua likizama upande wa bonde la Ruvuma. Wengine wanalala hapohapo kwenye mkeka. Neti zinashushwa kabla ya giza.

Saa 1:30 usiku

Mzunguko wa shukrani, dakika 40. Kanuni ni moja: kila mmoja ataje kitu kimoja alichopokea leo, na jina la aliyempa. "Nashukuru kwa kila kitu" haipokelewi. Asiyejua jina analo la kufanya kesho asubuhi. Jioni za mwanzo wageni hushukuru kwamba wao wana mabomba nyumbani kwao, na hiyo tunaikatiza kwa upole, maana ni shukrani ya kutokuwa kama jirani. Kufika siku ya zege wengi wana majina matatu au manne.

Tunafunga kwa 2 Wafalme 3, pale Elisha anapowaambia watu wachimbe mahandaki bondeni, na bonde litajaa maji ingawa hawataona upepo wala mvua. Mvua za huku huanza kati ya Novemba na Desemba. Waliomwaga zege hili hawatakuwepo.

Saa 3:00 usiku

Daftari. Zamu za kumwagilia zege kuanzia kesho: ndoo moja asubuhi, moja jioni, magunia yasikauke, familia mbili kwa siku kwa siku saba. Tangi lisipandishwe kabla ya hapo, hata kama wageni wanaondoka Jumatatu na wangependa picha. Mwisho, ujumbe kwa kiongozi wao: msiulize mwezi Septemba kama tangi limejaa. Mwenyekiti wa kanisa ataona aibu kujibu hapana, na atanunua maji ayatie ili ajibu ndiyo.