Kitabu cha 1635 kilichokuwa hakifungi, jinsi nilivyokituliza

Wenzangu mnaokusanya vitabu vya zamani, hii iwafae. Nina kitabu kidogo cha Kilatini cha Elzevir (familia ya wachapaji wa Uholanzi), kimechapwa mjini Leiden 1635, jalada lake ngozi nyeupe ya ndama. Baridi ilivoanza huku Uholanzi na hita zikawashwa, jalada likaanza kujipinda kwa nje, kitabu hakifungi kabisa. Nikakigandamiza na makamusi, ukitoa tu kinarudi vilevile. Kuloanisha sikuthubutu na nawaomba msithubutu, ngozi hii sio kama ya viatu, maji yanaiharibu.

Kilichosaidia ni kukihamishia chumba kisicho na hita, nikaweka kipima unyevu na kuuacha utulie kwenye asilimia 50 hadi 55 bila kupanda na kushuka, ngozi ikalegea yenyewe polepole. Halafu ndo nikaona pembezoni mwa jalada kuna vitundu viwiliviwili, zamani hapo zilipita kamba za kufungia! Yani mafundi walijua kabisa ngozi hii ikikauka inavuta. Basi nikakizungushia utepe mpana wa pamba, fundo likae upande wa kurasa (msiupitishe kwenye vitundu, vitachanika), nikakitia kwenye boksi la kadibodi isiyo na asidi linalokibana kidogo. Sasa kinafunga vizuri, na hita bado zinawaka.