Tulimchukua Kiwanuka, DeMeco Ryans tukamuacha mezani

Aprili 24, 2025 usiku, Giants, timu ya mpira wa Kimarekani ya New York, wamemtaja Abdul Carter namba 3 kwenye drafti na simu yangu ikaanza kulia hapo hapo. Jamaa wa kazini, shemeji yangu wa Delaware, wote swali moja: kwani hawa watu wana nini na watu wa pembeni? Brian Burns yupo, Kayvon Thibodeaux yupo, katikati yuko Dexter Lawrence, timu haina watu wa kumlinda kwotabeki wake yenyewe (yule mrusha pasi), halafu unatumia namba 3 kuongeza mwingine wa kumkimbiza kwotabeki wa wenzio? Nilikuwa nimesimama jikoni bado sijavua nguo za kazi, chai imepoa, na nikajikuta siwazi 2025 kabisa, nawaza 2006. Hii stori nimeibeba karibu miaka 20 na leo naiandika yote.

Kwa ambao hamfuatilii mpira wa Kimarekani, drafti ninayoisema sio ile ya vizibo vya soda kijiweni. Kila mwaka mwezi wa nne timu 32 zinagawana vijana wanaotoka vyuoni, raundi 7, aliyefanya vibaya zaidi msimu uliopita ndio anaanza kuchagua na bingwa anachagua wa mwisho. Hela haimnunui mtu pale kama kwenye dirisha letu la usajili, ila zamu yako unaweza ukabadilishana na timu nyingine. Sasa kuna difensi endi, yule anayesimama pembeni kwenye mstari wa mbele wa ulinzi, kazi yake kubwa ni kumkimbilia kwotabeki na kumwangusha mpira ukiwa bado mkononi, hiyo ndio saki. Halafu kuna lainibeka, anasimama hatua chache nyuma, anasoma mchezo, anamdaka mkimbiaji, pasi ikija anarudi kukaba. Ukiangalia kwenye TV unaweza kuona wote ni majitu yenye kofia ngumu tu, lakini ni kazi mbili tofauti kabisa, kama beki wa kati na kiungo.

2006 nilikuwa hata mwaka sijamaliza Marekani. Tunakaa Jersey City watu wanne wa kutoka Kagera kwenye vyumba viwili, TV tumeiokota barabarani, ukitaka sauti unaigonga ubavuni. Jumamosi ya Aprili 29, drafti iko Radio City Music Hall, ng'ambo tu ya mto kutoka tulipo, na sisi hatufuatilii kihivyo, tunapika ndizi. Mara tunasikia jina. Kiwanuka. Mathias Kiwanuka, difensi endi, chuo cha Boston College, anaenda Giants. Tuliacha sufuria wote. Jina la kwetu lile jamani, ukitoka Bukoba ukavuka Mutukula kuingia Uganda unakutana nalo kila kona. Na wakasema pale pale kwenye TV, babu yake alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

Kulikuwa na zile kadi za simu za dola tano, unakwangua namba kwa sarafu, unabonyeza tarakimu mpaka kidole kinachoka. Nikampigia baba mkubwa Bukoba, kule ni saa saba usiku. Shikamoo, marahaba, kuna nini, nani amefariki? Nikamwambia hakuna msiba baba, kuna kijana anaitwa Kiwanuka kachukuliwa na timu kubwa ya hapa. Akauliza, "Wa Benedicto?" Nikamwambia mjukuu wake. Kimya. Nilidhani kadi imeisha. Halafu nikasikia anavuta pumzi, akasema "basi wameendelea kuwepo."

Inabidi ujue baba mkubwa ni nani kuelewa hiyo. Benedicto Kiwanuka aliongoza chama cha DP, akawa waziri mkuu Machi 1962, mwezi uliofuata akashindwa uchaguzi, baadaye Amin akamfanya Jaji Mkuu, na Septemba 1972 watu wa Amin wakamchukua kule kule Mahakama Kuu Kampala na hakurudi nyumbani tena. Na baba mkubwa wangu ni mtu aliyekimbia Kyaka 1978 jeshi la huyo huyo Amin lilipoingia Kagera, mkewe na mtoto mgongoni, ng'ombe wote waliachwa. Kwa hiyo kwake lile jina halikuwa mambo ya mpira. Tangu siku ile nikawa mtu wa Giants, na sijabadilika.

Lakini kupenda jina hakukunizuia kuhoji. Wiki ile ile kazini, ghala moja la mizigo kule Secaucus, mzee mmoja Mmarekani shabiki wa Giants wa damu alikuwa amekasirika kweli kweli, na alinikalisha wakati wa lanchi akanifundisha mpira juu ya boksi kwa kalamu nene. Akachora majina. Michael Strahan, ndiye aliyekuwa na rekodi ya saki 22.5 kwenye msimu mmoja wakati ule, yupo. Osi Umenyiora, katoka kupata saki 14.5 mwaka 2005, yupo. Justin Tuck, wamemchukua raundi ya tatu mwaka jana tu, yupo. Wote difensi endi. Sasa huyu wa nne ni wa nini? Halafu akachora safu ya lainibeka, akaweka alama za kuuliza tatu. Ile boksi niliikata upande ule nikaenda nayo nyumbani, nilikuwa nayo mpaka nilipohama 2013.

Na kilichofanya iume zaidi ni jinsi ilivyotokea. Giants walikuwa na zamu ya 25. Steelers ndio mabingwa, zamu yao ya mwisho kabisa ya raundi, 32, na walikuwa wanamtaka Santonio Holmes, wakabadilishana: Steelers wakapanda 25, Giants wakashuka 32 na kupewa nyongeza zamu za 96 na 129. Kwa hiyo 32 Kiwanuka. Na 33, zamu inayofuata tu, Houston Texans wakamchukua DeMeco Ryans, lainibeka wa Alabama.

Mwaka ule ule Ryans akawa mchezaji bora chipukizi wa ulinzi wa ligi nzima. Leo ni kocha mkuu wa hao hao Texans. Sisi lainibeka wetu tulimchukua kwa ile 96, Gerris Wilkinson, na kwa heshima zote, hakuwahi kuishika ile nafasi. Yani ukikaa ukaihesabu vizuri, Giants waliona wamepata vyote viwili, mkimbizaji na lainibeka, kumbe lainibeka waliyempata ni wa dukani mwisho wa siku baada ya watu kuchagua.

Novemba 26, 2006 ndio siku ambayo nilitaka kuitupa ile TV. Nashville, Giants wanaongoza 21 kwa 0 robo ya nne. Titans wakarudisha moja, wakarudisha ya pili, sasa wako kwenye jaribio la nne na yadi 10 za kwenda, wakikosa mechi imeisha. Kiwanuka anatoka pembeni, anamfikia Vince Young, kwotabeki wa Titans, anamkumbatia, kamshika mzima mzima. Na anamwachia. Anaachia mikono yote miwili kabisa, maana aliamini mpira umeshatoka na aliogopa akimwangusha atapigiwa faulo ya yadi 15. Young bado ana mpira. Akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, halafu wakamalizia na teke la mbali sekunde zimebaki 6, 24 kwa 21.

Nimeiangalia ile picha mara nyingi kuliko picha zangu za harusi. Na ntakwambia kitu ambacho watu hawasemi: Kiwanuka alifika. Kuna watu wengi hawakufika siku ile, yeye alifika, kwa kasi yake, peke yake. Kosa lilikuwa la mikono kwa sekunde moja, miguu ilishafanya kazi yake yote. Yule kijana alizaliwa kumkimbilia kwotabeki, pale Boston College aliondoka na saki 37.5 na ilikuwa rekodi ya chuo.

Halafu wakamtoa huko. Baada ya msimu, LaVar Arrington ambaye alikuwa ameumia mguu wakamwacha, Carlos Emmons wakamwacha, lainibeka hakuna, na kocha Tom Coughlin na msaidizi wake mpya wa ulinzi Steve Spagnuolo wakasema Kiwanuka ndio atakuwa lainibeka. Hapo ndipo niliumia. Maana kama ulikuwa unataka lainibeka, si alikuwa mezani? Alikuwa pale pale, umeshika karatasi, jina lake unalo, ungeandika Ryans. Huwezi kumpita fundi cherehani ukamchukua fundi seremala halafu mwaka unaofuata ukampa kitambaa. Kijana alijitahidi, hakulalamika hadharani, na Novemba 2007 kule Detroit akavunjika mguu. Msimu wake ukaishia hapo.

Miezi mitatu baadaye, Februari 3, 2008, Giants wakawafunga Patriots 17 kwa 14 kwenye Super Bowl (fainali ya ligi), Patriots ambao walikuwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja. Kwotabeki wao Tom Brady aliangushwa mara 5. Strahan, Tuck mara mbili, wote walikuwa wanaingia kama maji. Tulikuwa watu kumi na tano kwenye ile sebule, nje barafu, ndani tumefungua madirisha kwa joto la watu. Nilifurahi mpaka sauti ikakata, na bado katikati ya furaha nilikuwa namuwaza aliyekosekana uwanjani.

Sasa hapa ndipo inabidi niseme ukweli hata kama unaharibu hoja yangu. Juni 2008 Strahan akastaafu. Agosti, mechi ya maandalizi tu na Jets, Osi akaumia goti, msimu mzima nje. Kwa hiyo ile boksi ya mzee wa Secaucus, majina matatu, ndani ya kiangazi kimoja yakabaki moja. Na nani akarudishwa pembeni? Kiwanuka, akapata saki 8, Giants wakashinda mechi 12 wakapoteza 4, wa kwanza kwenye NFC, nusu yao yote ya ligi. Ernie Accorsi, meneja aliyemchagua, alikuwa ameshastaafu wakati huo. Yule mzee alinifuata kwenye maegesho akaniambia alikosea. Nikamwambia hapana, wote wawili mlikuwa sahihi, akaniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini ndivyo ninavyoamini mpaka leo.

Maana tukihoji drafti huwa tunahoji jina tu. Alichukuliwa nani, aliachwa nani. Mimi nahoji kilichofuata. Kumchukua mkimbizaji wa nne ni sawa kabisa, hawa watu wanaumia, wanazeeka, wanakimbia kwa zamu, watatu leo ni mmoja kesho. Ila ukishamchukua mwache akimbie! Walimrudisha tena 2011 kwenye ulainibeka, baada ya 2010 ambapo alianza na saki 4 kwenye mechi 3 kabla shingo haijamsumbua. Saki nne, mechi tatu! Alipata pete ya pili ya ubingwa Februari 2012, tena Indianapolis, mji aliozaliwa, na nilimshangilia kama ndugu yangu. Akaondoka 2015, miaka 9 timu moja. Ni maisha mazuri ya mpira. Lakini nikikaa nikifikiria ile miguu yake ikiachwa pembeni miaka yote 9, roho inaniuma.

Kuna makosa mabaya zaidi ya hilo, sikatai. 2021 zamu ilikuwa 11, tukashuka mpaka 20 kumpisha Chicago, Dallas wakakaa kwenye 12 wakamchukua Micah Parsons, saki 13 mwaka wa kwanza, na mpaka 2024 alikuwa anacheza na sisi mara mbili kwa mwaka. Sisi tukamchukua Kadarius Toney ambaye mwaka uliofuata hakuwa wetu tena. Hilo hata sihitaji kuliandika aya mbili, kila shabiki wa Giants analijua usingizini.

Ila la Carter ndio linaninyima raha sasa, kwa sababu moja. Pale Penn State alianza kama lainibeka. Mwaka 2024 ndio wakamsogeza pembeni, akapata saki 12, na ndio maana akawa namba 3. Na mle kwenye meseji, baada ya watu kumaliza kulalamika kwamba wako wengi, shemeji wa Delaware akaandika: sio mbaya, tukikosa nafasi anaweza kurudi kucheza lainibeka.

Nilimpigia saa ile ile. Saa tano usiku, na mkewe ambaye ni dada yangu ndiye aliyepokea, akauliza kuna nini, nani amefariki. Nikamwambia mpe simu mumeo.