Gauni Lisilofunguka

Kila mtu wa Unguja ana kisa chake cha ile miezi mitatu ya giza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika. Wenye hoteli wana visa vya majenereta. Kina mama wana vya ndoo, maana pampu zilisita na mabomba yakakauka. Changu mimi ni cha gauni.

Nilikuwa kidato cha tatu, tunakaa mitaa ya Ng'ambo, hapo hapo mjini. Televisheni kimya, joto la kaskazi limekaza, ndani hakukaliki. Ikishasaliwa Isha mtaa wote unahamia barazani: kahawa, dhumna, kandili moja kwa watu wanane. Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ya miguu aliiburura mpaka mlangoni akaendelea na sare zake za skuli, kwa kuwa yeye hakukosa umeme, alikosa upepo tu.

Ijumaa ya tarehe 29 Januari ulitoka mwezi wa kumi na nne, mkubwa, mweupe, na kushoto kwake nyota nyekundu iliyotulia, haimemeti. Ami yangu mvuvi akauliza ni nyota gani ile inayouandama mwezi. Nikadakia: Mirihi! Nikawaeleza kwamba usiku ule dunia imekaa katikati ya jua na Mirihi, ndiyo maana inawaka vile, ijapokuwa iko umbali wa kilomita milioni 99 hivi. Kwa vile walikuwa wananisikiliza, nikapachika na habari za Percival Lowell, Mmarekani tajiri aliyejenga kituo cha darubini Arizona mwaka 1894. Yeye aliiona Mirihi imejaa mifereji, akaichora, akasema wenyeji wa huko wanavuta maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari. Chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu mwaka 1965 na kupiga picha, hapakuonekana mfereji hata mmoja.

"Maskini, na yeye alikuwa na shida ya maji," akasema bibi, ambaye siku ile alikuwa ameshakwenda kisimani mara nne.

Walicheka, nami nikavimba kichwa. Nikawaanzia hadithi ya kitabu nilichokuwa nimeazimwa, Solaris, cha Mpolandi Stanisław Lem, kilichotoka mwaka 1961. Nakala yangu ilikuwa ya Kiingereza, iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa, nacho kilitafsiriwa kutoka Kipolandi. Hata jina la mke wa mhusika lilikuwa limepinduka njiani: mwandishi alimwita Harey, mimi nikamkuta Rheya.

Basi, kuna sayari yenye majua mawili, jekundu na la buluu, na karibu yote imefunikwa na bahari moja. Bahari yenyewe ni kitu hai. Wataalamu wameichungua miaka zaidi ya mia, vitabu vimejaa maktaba nzima, na bado wanagombana inataka nini.

"Majua mawili," ami akakatiza. "Maji ya bamvua huko yakoje? Nani anavuta, nani anaachia?"

Hilo mwalimu wangu wa fizikia hakuwahi kuuliza. Bahati nzuri kitabu kilikuwa na jibu: sayari ya namna ile ingepasa kuyumba na kuangukia juani, ila bahari yenyewe hurekebisha njia yake.

Ami akatikisa kichwa. "Basi hiyo si bahari. Hiyo nahodha."

Bibi alishakata shauri lake zamani: ni jini, na hao wataalamu waliingia bila hodi. Mzee mmoja, macho kwenye dhumna zake, akasema watu hawajapata kuafikiana juu ya mambo ya angani, tangu yale ya Tunguu, hapa hapa Unguja. Alikuwa na maana ya kile kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, kilichokuwa pale tangu mwanzoni mwa miaka ya 60. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962 alizungumza na watu wa kituo kile. Wengi mjini walishikilia kuwa ni cha makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa. "Mie nilibeba kokoto pale," mzee akasema. "Niliona mshahara." Akapiga dhumna lake mezani.

Nikaharakisha kufika panapotisha. Wale wataalamu wanakaa kwenye kituo juu ya bahari, na kila mmoja akilala, bahari inamtolea kichwani mtu anayemkumbuka, inamtengeneza upya, anaamka anamkuta chumbani. Mhusika anamkuta mkewe aliyekwishakufa. Mke anataka kuvua gauni, halivuliki. Vifungo ni vya pambo, havifungui kitu. Ikabidi likatwe kwa mkasi.

Mimi pale nilikuwa nimeona kosa: bahari kubwa namna ile, na kushona haijui.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. "Rudia hapo pa gauni," shangazi akasema.

Nikarudia. Akachomoa sare aliyokuwa akiishona, akaipindua ndani nje, akaisogeza kwenye kandili. Upindo ukaonekana, na nyuzi zilizokuwa bado hazijakatwa, na zipu ubavuni imeshikizwa kwa bandi za uzi mweupe.

"Huyo mwanamme alikuwa anamtazama mkewe," alisema. "Hajapata kumfungia zipu hata siku moja. Sasa hiyo bahari ingeijulia wapi?"

Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara mbili, na hilo halikunipitia kichwani.

Akaipindua sare tena, akailamba ncha ya uzi, akautia sindanoni. Mumewe alitoka kwenda dago, kambi ya wavuvi, nikiwa darasa la nne. Ngalawa haikuonekana wala hakuletwa mtu.

"Wangu mie," akasema, "shati lake nalijua mpaka ndani. Lingefunguka."

Ami akageuka kuutazama mwezi, ulikuwa umeshapanda juu ya mapaa na ile nyota yake. Shangazi akakanyaga cherehani. Hakuna aliyeniambia niendelee, nami nikanyamaza.

Asubuhi alinitaka nimpe kile kitabu. Kiingereza hakukijua. Alikaa nacho kizingitini akakifungua ukurasa mmoja mmoja, akitafuta picha ya lile gauni, kisha akanirudishia akaenda kuchukua ndoo yake.