Siku moja na makobe wenye macho mabovu

Saa 1:30 asubuhi. Leicester, Uingereza, mwisho wa Machi, na watu bado wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Mimi ni nesi wa wanyama, mzaliwa wa Mombasa, na msimu huu kliniki hujaa makobe. Wanaamka kutoka usingizi wa baridi, wafugaji wao wanafungua masanduku walimolala na kukuta macho yamefumba. Kabla ya chai naangalia joto la chumba cha makobe waliolazwa: nyuzi 28. Kobe akiwa baridi, kinga yake ya mwili inalala na dawa haimsaidii sana.

Saa 3. Kijana wa chuo kaja na kobe mdogo, kope zimemvimba zote mbili. Keshamtia matone ya macho yaliyobaki kabatini. Daktari hata hajagusa jicho, anauliza habari za taa. Kumbe ni taa mpya ya miale ya UV, miale kama ya jua, imening'inizwa karibu mno na gamba, inamchoma macho. Tunamtia tone la rangi ya uchunguzi na kummulika kwa mwanga wa buluu. Kama konea, kioo cha mbele cha jicho, ina kidonda, pangeng'aa kijani. Hakuna. Basi taa ipandishwe, apewe marhamu, yaishe.

Saa 4:30. Huyu ndiye aliyechukua asubuhi yangu yote. Mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, yuko hapa tangu 1968.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Huyu ameamka, lakini anazunguka tu. Chakula mbele yake, hakioni."

Kobe wake ni wa zamani, wa kabla biashara ya kuingiza makobe wa Mediterania haijapigwa marufuku mwaka 1984. Kila mwaka hulala kwenye kibanda cha bustani, na majira haya ya baridi kibanda kilishuka chini ya sifuri. Nimemshika kichwa, daktari kammulika: nyuma ya mboni kuna ukungu mweupe, mfano wa mtoto wa jicho, na jicho la kushoto lina damu kwa ndani. Ni baridi kali iliyoharibu lenzi na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Makobe wa namna hii wengine hurudiwa na uwezo wa kuona baada ya miezi mingi, wengine ndiyo basi. Ila kobe kipofu anaweza kuishi vizuri akilishwa kwa mkono. Mwakani alale kwenye friji ya nyuzi 5, tumemwambia. Mzee alicheka hadi akakohoa. Kobe kwenye friji!

Saa 7 mchana. Sijala. Kobe mwingine, tongotongo limegandamana chini ya kope. Usaha wa kobe hauchuruziki, huwa mgumu kama jibini, kwa hiyo nalainisha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuutoa taratibu kwa pamba. Ukilazimisha, unachubua jicho. Huyu miaka yote kalishwa letasi na matango, na hapo upungufu wa vitamini A unashukiwa. Mwenyewe anataka sindano ya vitamini. Daktari kakataa: ikizidi, ngozi ya kobe hubambuka vipande vipande. Apewe majani ya kijani kilichokolea na magugu ya bustanini, yale yenye maua ya njano, ndugu wa mchunga wetu.

Saa 9 ni simu. Jicho lenye majimaji kidogo? Kobe hana mfereji wa kupitisha machozi kwenda puani, kwa hiyo yanamwagika nje tu. Yakija pamoja na kamasi, hayo ni mafua, mlete, na mtenge na wenzake. Dawa ya minyoo ya mbwa? Soma kopo, kama ni ivamektini, usithubutu, inaua kobe.

Saa 11 jioni. Mzee kapiga: kobe kaogeshwa maji ya vuguvugu, kanywa, lakini hali. Nimemwambia amguse mdomo kwa kipande cha nyanya iliyokatwa sasa hivi, harufu ifike puani, asubiri bila kumsukuma. Ampime uzito kila asubuhi. Asipokula hadi Jumatatu amrudishe, daktari atamwekea mrija wa chakula shingoni.