Linda boila yako na uchafu wa gesi

Boila ikianza kuwaka kwa kusitasita, mafundi wengi hubadilisha elektrodi ya cheche, kisha kadi ya umeme inayoiendesha boila, na tatizo likabaki palepale. Kabla ya kununua chochote, mwambie fundi gesi mwenye leseni aitenganishe valvu ya gesi ya boila na bomba lake na kukagua wavu mdogo ulio kwenye mdomo wake. Ukiwa umezibwa na unga mweusi au wa rangi ya kutu, gesi inayopita haitoshi.

Unga huo una vyanzo kadhaa. Mabomba makuu ya chuma huzaa kutu na chembe nyeusi za salfaidi ya chuma, hilo halina ubishi. Lakini boila mpya inapoharibika mapema, tazama kwanza mabomba ya nyumba yenyewe: vumbi la chuma lililobaki wakati wa kukata uzi wa bomba (mikunjo ya kukazia maungio), mafuta ya kukatia, dawa ya kuzibia maungio, vipande vya tepu nyeupe ya kuzungushia uzi huo. Bomba la shaba nalo halijasalimika. Gesi yenye hidrojeni salfaidi, yaani mchanganyiko wa salfa na hidrojeni, huila shaba kwa ndani, yakatokea magamba meusi membamba yanayobanduka kidogo kidogo na kusafiri hadi kwenye boila.

Chembe moja tu ikikaa kwenye kiti cha valvu, valvu haifungi sawasawa. Gesi hupenya wakati boila imezimwa, na inapowashwa tena hulipuka kwa kishindo. Hilo si la kuvumilia hata siku moja: funga koki, ita fundi. Nozeli ya pailoti, yaani ule moto mdogo wa kuwashia, ambayo tundu lake halifiki milimita 1, huziba upesi zaidi. Moto hufifia, haupashi themokapo (kihisi joto kinachoiacha gesi ipite pailoti ikiwaka) joto la kutosha, na boila hujizima. Usiichokoe kwa waya, maana tundu likipanuka kipimo cha gesi kimeharibika. Badilisha nozeli.

Kinga huanza siku ya kufunga mabomba. Kila kipande kilichokatwa kikwanguliwe ncha kwa ndani, kisha kigongwegongwe kikiwa kimesimama wima. Mabomba yote yapulizwe kwa hewa ya kompresa au naitrojeni, mita na boila vikiwa havijaunganishwa. Oksijeni isitumike kamwe. Weka kitambaa cheupe kwenye ncha ya mwisho na upulize mpaka kitoke bila doa. Tepu izungushwe kufuata mwelekeo wa uzi, na mizunguko miwili ya mwanzo ya uzi wa bomba iachwe wazi ili isikatike na kuingia ndani.

Karibu na boila weka tii, yaani ungio lenye umbo la herufi T, yenye mguu wa kudakia uchafu. Gesi ishuke kutoka juu, igeuke pembeni kuelekea boila, na chini kubaki kipande cha wima cha angalau milimita 75 chenye kifuniko. Vitu vizito hushindwa kugeuka na gesi, huanguka humo. Kona ya kawaida haifanyi kazi hiyo.

Vumbi jepesi linahitaji chujio. Chukua lililotengenezwa kwa ajili ya gesi, la mikroni 50 (sehemu 50 za elfu za milimita), na tundu lake la kuungia lisiwe dogo kuliko bomba. Likae baada ya koki na kabla ya boila, mshale uelekee kwenye boila, na ibaki nafasi ya kuvuta kichujio, kile kipande cha ndani kinachonasa vumbi, bila kung'oa bomba. Chujio lenye sumaku la upande wa maji halisaidii gesi hata kidogo, ingawa wengi huyachanganya.

Presha ndiyo itakayokuambia hali ya chujio. Gesi asilia majumbani mara nyingi hufika kwa presha ndogo ya milibari 20 hivi, kwa hiyo hakuna ziada ya kupotea kwenye chujio. Boila ikiwa inawaka kwa nguvu zote, fundi apime presha upande wa kabla na upande wa baada ya chujio likiwa jipya, aandike tofauti hiyo kwenye stika. Siku tofauti ikifika mara mbili ya hiyo, kichujio kibadilishwe. Kupuliza cha zamani ni kusukuma vumbi ndani ya nyuzi zake. Wakati wa kurudishia, oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, iwe mpya, koki ifunguliwe taratibu ili mkurupuko wa gesi usibebe vumbi, na kila ungio lipakwe povu la sabuni kuona kama linavuja.

Wenye gesi ya mitungi wana adui mwingine: mafuta mazito yanayobaki kwenye gesi, pamoja na vilainishi vinavyotoka kwenye mpira wa hosi. Mtungi usimame wima. Regyuleta, kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, ifungwe juu zaidi ya koki ya mtungi, na hosi iteremke kuelekea mtungi bila kulegea katikati, ili mafuta yarudi yalikotoka. Regyuleta ikishaingiwa na mafuta hayo isioshwe. Ibadilishwe pamoja na hosi yake.