Ndege Wadogo, Ghuba Pana

Siku hizi, nikienda kupiga picha za ndege ghubani, kabla sijatazama hali ya hewa natazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Anga ikiwa na mawingu nitavumilia. Lakini maji yakiwa si yake, hata jua lizame kwa rangi zote, nitarudi na picha za tope tupu na vinukta vya mbali ambavyo itabidi niape kwamba ni ndege.

Wanaopiga picha za mandhari tumezoea kuhesabu nyakati mbili tu, jua kuchomoza na jua kuzama. Ghubani kuna hesabu ya pili, nayo inaongozwa zaidi na mwezi. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Jambo ambalo sisikii likitajwa sana na wapiga picha ni hili: maji ya bamvu, yale makubwa yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mahali pamoja hujaa karibu saa zilezile kila yajapo. Ninapopiga mimi hujaa alasiri. Basi kila baada ya wiki mbili hivi napata siku chache ambazo maji yamefika juu kabisa wakati jua limeanza kupoa. Ghuba nyingine bamvu litajaa adhuhuri, na mtu wa huko alfajiri na magharibi atakuta tope limeanikwa mpaka upeo wa macho. Hilo nalo lina picha zake, ila ni nyingine kabisa.

Leo ilikuwa siku ya bamvu.

Maji yakipwa, ndege wa matopeni hutawanyika wakitafuta minyoo na kome, na ghuba ni pana kuliko lenzi yoyote. Yakijaa, yanawasukuma wote kwenye fungu la mchanga lililobaki juu. Wanasimama wamebanana, wengi kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni, wakingoja chakula chao kifunuliwe tena. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: wako karibu, wako pamoja, na ukipiga hatua chache wataruka kundi zima na utapata ile picha ya mabawa elfu angani. Mimi picha hiyo siitaki. Kila wanaporushwa wanachoma mafuta waliyoyatunza kwa safari, na safari zenyewe si za mchezo. Mwezi Oktoba 2022, ndege mchanga wa matopeni, wa aina ya Limosa lapponica, aliyekuwa na umri wa miezi mitano hivi na kifaa cha kufuatilia mgongoni, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua: kilomita 13,560 kwa siku 11. Wa jamii hiyo wakila matopeni huwa wanajaza tangi. Nikiona vichwa vinainuka vyote kwa pamoja, ujue nimeshakaribia mno, narudi nyuma.

Kwa hiyo nililala kifudifudi kando ya mkondo, kamera juu ya mfuko wa mchanga, nikaacha maji yafanye kazi. Yalipoanza kupwa, kundi likaanza kumeguka taratibu, ndege wakishuka kufuata ukingo wa maji. Kitwitwi mmoja alikuja mpaka lenzi ikakataa kumlenga kwa ukaribu. Nikaacha kupiga, nikatazama. Alizamisha mdomo wote topeni, akatulia kidogo, kisha akavuta mnyoo mwembamba. Ndege hawa wanaweza kufungua ncha ya mdomo peke yake, kama koleo, sehemu iliyobaki ikiwa imefungika, ndiyo maana wanakamata kitu ndani ya tope bila kulimeza. Alimpeleka mnyoo kwenye kidimbwi, akamsuuza, akammeza. Picha yake sina, na sijali.

Mambo ya ufundi leo yalikuwa machache. Yangeyange mweupe juu ya tope jeusi huidanganya kamera. Inaona giza jingi, inaongeza mwanga, manyoya yanaungua yote, yanabaki weupe mtupu. Nilipunguza mwanga kwa stopu moja na nusu (kila stopu hukata mwanga kwa nusu). Kichujio cha kupunguza mng'ao nilikivua mapema kwa sababu kinafuta ule uakisi wa anga kwenye tope bichi, na uakisi ndio nilioufuata. Na kwa wanaouliza kwa nini picha zao za mchana za mbali hazikai vizuri hata kwa lenzi ya bei ya gari: ni hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye tope. Inauyumbisha mwanga, na hakuna fokasi itakayoutuliza. Nendeni mkapumzike kivulini.

Picha niliyoipenda nilipiga kwa lenzi fupi, nimeshasimama, maji yakiwa yameacha mifereji inayopindapinda hadi lango la ghuba. Ndege wako robo ya chini, mstari mwembamba wa vidoa. Mdogo wangu ameitazama kwenye skrini kwa subira, halafu akaniuliza, "Dada, hao ndege wenyewe wako wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akashauri niikate, wabaki wao tu.

Nimekataa. Picha za karibu ninazo tele, jicho linang'aa, kila unyoya unahesabika, na nyuma yake kuna ukungu wa rangi moja ambao ungeweza kuwa ukuta. Hazisemi kwamba huyu ndege anaishi kwa ratiba ya maji, wala hazionyeshi jinsi mahali pake pa kulia palivyo pana na palivyo uchi. Hii inasema. Nitaichapisha kubwa, upana wa mita nzima si chini ya hapo, maana ikiwa ndogo vidoa vitapotea kabisa na mdogo wangu atakuwa na haki ya kuuliza tena.